Vumbi Nitalifuta, Mtu Sitamfuta

Nitaanza kwa ugomvi, kwa sababu nikianza kwa upole mtasema shosho, nyanya yenu, amechoka. Nyinyi vijana mna picha elfu kwenye simu, na ukutani hamna hata moja. Simu ikiingia kwenye ndoo ya maji, ukoo mzima umezama. Halafu mnakuja kwangu mbio mkitaka picha ya mama yenu ya kuweka kwenye jeneza, na picha pekee mliyo nayo ni ile aliyopigwa akitafuna mahindi. Sitaki kusikia kwamba fremu ni ghali. Ghali ni uvivu.

Mimi nilichapa na kutia fremu picha za watu mjini Kericho, katika chumba kimoja nyuma ya duka la majembe. Wateja waliniita Mama Picha, majirani wakaniita Mama Njoki. Nimestaafu kwa sababu ya macho na mgongo. Kompyuta haikunishinda, kwa hiyo msinionee huruma mnaponiona nikivaa miwani miwili kusoma ujumbe.

Fremu nilifundishwa na seremala mmoja Mkipsigis, Mzee arap Too, mtu wa Kiptere aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Alikuwa na maneno machache na msumari mdomoni wakati wote, kwa hiyo hata hayo machache ulikuwa unayasikia nusu. Siku ya kwanza nilimpelekea fremu niliyoitengeneza mwenyewe, nikiringa. Aliishika, akaitazama pembeni, akaitikisa kidogo. Ikawa vipande vinne.

"Hii ni ya kuuzia mtu anahama kesho," alisema.

Ni yeye aliyenionyesha siri ya nchi hii ya chai. Mvua ya Kericho hainyeshi nje tu, inanyesha mpaka ndani ya kabati. Unyevu unapanda kwa ukuta, unaingia nyuma ya picha, na baada ya msimu mmoja babu yako ana ukungu kwenye paji la uso. Watu wa Nakuru waliokuja kutuuzia fremu za kadibodi hawakulijua hilo. Arap Too alikuwa akinunua makasha ya chai yaliyochakaa, yale ya plaiwudi yaliyotandikwa karatasi ya fedha, ile ya madini inayong'aa, kwa ndani. Wakati ule viwanda vilikuwa vinahamia kwenye magunia ya karatasi, na makasha ya zamani yalikuwa yanatupwa ovyo, mengine watu wanafugia kuku. Arap Too alikata plaiwudi hiyo ikawa mgongo wa fremu, upande wa karatasi ya fedha ukiangalia picha. Kama karatasi hiyo iliweza kulinda chai mpaka Mombasa na ng'ambo, alisema, itashindwaje kumlinda bibi arusi mpaka Bomet?

Andikeni basi, kama bado mnajua kuandika. Mgongo wa plaiwudi. Kioo kutoka kwa fundi wa madirisha, yale mabaki anayotaka kutupa, umbembeleze akukatie. Mbao za saipresi zilizobaki kwa wauza mbao, mradi ziwe zimekauka, maana mbao mbichi itajikunja kama mkeka. Na jambo ambalo nyote mnakosea: picha isiguse kioo. Kata vipande vyembamba vya karatasi ngumu ya manila, uvibandike pembezoni chini ya kioo, ili picha ipate nafasi ya kupumua. Ikigusa kioo katika hewa hii yetu itanata, na siku utakayotaka kuitoa utatoa nusu. Tena msitumie gundi ya unga wa ngano. Kuna mama mmoja wa Mogogosiek aliyebandika picha yake ya arusi kwa uji mzito, mzuri kabisa, na mende wakaja wakala bwana arusi kuanzia miguuni. Aliniletea amebaki kifua na tai. Mumewe mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, mzima, amekasirika kuliko mkewe.

Kompyuta ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na duka Nakuru, akaniuzia iliyokuwa imetumika, pamoja na skana na printa ya wino, kwa sababu alitaka kununua mpya. Kamera za dijitali tulizisikia tu kwa watu waliotoka ng'ambo. Sisi tulikuwa tunachukua picha ya karatasi, hata iliyochakaa, tunailaza kwenye kioo cha skana, na ikiingia kwenye mashine tunaisafisha, tunaipunguzia giza, tunaichapa upya. Wenye studio kubwa mjini walinicheka. Walisema mwanamke wa kukata kadibodi sasa anataka kuwa injinia. Niliwaacha wacheke. Kicheko hakilipi stima.

Nilikosea sana mwanzoni, na makosa hayo nawapa bure. Nilichapa picha ya mchungaji mmoja, nikaitia kwenye fremu ikiwa bado ina joto la mashine, kwa sababu mkewe alikuwa ananisubiri mlangoni. Jioni kioo kikaingia ukungu kwa ndani. Mama mchungaji alipojaribu kuifungua ili aifute, pua ya mchungaji ikabaki kwenye kioo. Tangu siku hiyo picha ya wino niliilaza mezani mpaka kesho yake, nimeifunika gazeti safi, hata mteja alie. Nilijifunza pia kufuta kioo cha skana kwa fulana kuukuu ya pamba kabla ya kila picha, maana chembe moja ya vumbi ikikuzwa inakuwa nzi kwenye shavu la mtu. Tena picha ndogo ikuze wakati wa kuiskani, usingoje kuivuta baadaye, au uso utakuwa vigae vya bafuni.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuondoa ukungu na mikwaruzo. Unakaa na kipanya, unafuta doa kwa doa, na polepole jicho la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa linakutazama. Niliona raha ambayo siwezi kuwaeleza. Na ni mashine hiyo hiyo iliyoniletea vita.

Zamani, mtu akigombana na mtu aliyeko kwenye picha, alichukua mkasi. Nimepokea picha nyingi za kutia fremu zenye shimo katikati ya familia. Sikuuliza. Shimo lenyewe lilisema, hapa palikuwa na mtu, na mtoto akikua atauliza ni nani. Mashine haiachi shimo. Unamfuta mtu, unanakili majani ya chai kutoka pembeni unayajaza pale aliposimama, na hakuna atakayeuliza lolote milele. Nilipojua kwamba naweza kufanya hivyo, nilijiona fundi. Sheria ya kukataa sikuzaliwa nayo. Aliyeniletea ni Bwana Kirui.

Kirui alikuwa mtu wa ofisi, suti ya kijivu, mwavuli mrefu. Aliingia akaweka mezani picha ndogo yenye ukungu pembeni. Katikati alikuwa ameketi mama mtu mzima kwenye kiti. Kando yake alisimama msichana aliyepakwa mafuta usoni, mkono wake begani kwa yule mama. Nyuma yao kulikuwa na akina mama wa kijiji, na kijana mmoja mwembamba mwenye nywele nyingi na suruali pana chini, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda ya huku.

"Huyu ni Gogo Taplelei," alisema, akigusa yule aliyeketi; Gogo kwao ni nyanya. "Ni mke wa ndugu ya baba yangu. Amelala juzi. Tunazika Jumamosi, Kiptere. Nataka picha yake kubwa ya kuweka mbele ya watu. Yeye peke yake."

"Na hawa wengine?"

"Toa wote. Huyu msichana ni mfanyakazi tu."

"Na huyu kijana wa suruali?"

Alikohoa. "Huyo pia toa."

Nilimwangalia, nikaangalia picha. Nywele zilikuwa zimekwisha, lakini masikio yalikuwa yale yale. Nikamwambia arudi kesho, nikaiskani. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Alasiri hiyo arap Too alikuja kuniletea migongo ya plaiwudi. Nilikuwa nimeanza kufuta ukungu, na picha ilikuwa imejaa kwenye kioo cha kompyuta. Aliutoa msumari mdomoni. Nikajua kuna jambo.

"Hiyo ni siku ya Chelangat," alisema.

"Bwana mmoja anasema huyo ni mfanyakazi."

"Mfanyakazi gani? Mama Njoki, huyo ni bibi ameolewa hiyo boma. Mimi nilikuwa hapo. Ng'ombe ya mahari ilitoka."

Akaketi akanieleza, kwa sababu mimi ni Mkikuyu na mila hiyo niliisikia juu juu tu. Gogo Taplelei hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alikuwa amefariki. Kwa Wakipsigis, nyumba ya namna hiyo haiachwi izime. Mama mwenyewe anatoa ng'ombe, anaoa msichana kwa heshima zote, na watoto wa msichana huyo wanakuwa watoto wa nyumba hiyo, wanarithi ng'ombe na shamba. Chelangat aliletwa hivyo, akazaa wavulana wawili, akachuma chai ya Gogo na kumwosha miguu mpaka siku alipokufa. Lakini katika miaka ya mwisho Gogo alibatizwa, na kanisani kuna watu walioona mila hiyo aibu, hawataki hata itajwe. Kirui akaona njia. Chelangat akiwa mfanyakazi, shamba la chai halina mwenyewe, na jamaa wa kiume aliye karibu ni Kirui.

"Wazee si wanajua?" niliuliza.

"Wazee iko wachache. Wengine hawataki kukosana na mtu ya ofisi. Sasa picha ikiwa mbele ya watu wote, Gogo peke yake, hata watoto watasahau."

Niliangalia ule mkono begani. Niliona hasira ikinipanda kutoka miguuni. Eti nifute mtu aliye hai, anayechuma chai asubuhi hii, ili kesho aambiwe hakuwahi kuwepo, tena kwa wino wangu? Nikaihifadhi picha kwenye diski, na diski nikaitia kwenye mfuko wa aproni.

Kesho yake Kirui alirudi. Nilimrudishia picha yake mkononi.

"Ukungu nimeutoa kwenye mashine," nilisema. "Watu siwatoi."

Alidhani natania. Kisha alidhani nataka kuongezwa kitu kidogo. Alipoona sitaki, sauti yake ikashuka.

"Mama Picha, hiyo maneno si ya kwenu. Wewe ni mtu ya kuja hapa. Umesahau mara hii?"

Mnaojua miaka ile mnajua alichokuwa ananikumbusha: vita vya makabila, Wakikuyu wakifukuzwa huku na nyumba zao zikichomwa. Niliogopa. Siwadanganyi, nilimfikiria Njoki wangu shuleni. Lakini kuna woga unaokufunga mdomo na kuna woga unaoufungua.

"Kitovu changu kimezikwa hapa Kericho," nilimwambia. "Baba yangu aliuza chumvi hapa kabla hujajua kuvaa hiyo suruali pana. Vumbi nitalifuta, ukungu nitaufuta, hata chunusi nikipenda. Mtu sitamfuta. Chukua mwavuli wako."

Aliuchukua. Alipotoka nililia kidogo, kisha nikafunga mlango nikaanza kazi.

Printa yangu ilichapa karatasi ndogo tu, na nilitaka picha ambayo mtu aliyeketi nyuma kabisa ataiona. Sasa sikilizeni, hii ndiyo njia ya maskini mwenye kichwa. Unaigawa picha vipande vinne kwenye mashine, unachapa kila kimoja karatasi yake, unaacha ukingo mdogo unaorudiwa ili viungane. Unakata kwa wembe mpya na rula ya chuma, unaunganisha juu ya kadibodi moja. Kanuni ni moja: kiungo kisipite usoni mwa mtu. Mimi nilikipitisha kwenye nguzo ya mlango wa nyumba iliyokuwa nyuma yao, na kile cha kulala nikakipitisha chini ya mikono, kwenye mikunjo ya nguo, ambapo jicho halisimami. Stima ilipotea kipande cha tatu kikiwa nusu. Nilikaa pale na mvua ikipiga mabati, nikiitukana kampuni ya umeme kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili, na kwa Kipsigis kile kidogo ninachojua. Iliporudi nilikichapa upya chote, maana ukijaribu kuendeleza pale palipokatika rangi hazilingani.

Arap Too alitengeneza fremu yenyewe, pana, na hakuniomba hata shilingi. Aliitikisa mbele yangu kwa nguvu zake zote. Haikulia.

Jumamosi tulipanda pikapu ya muuza kabeji mpaka Kiptere, fremu tumeizungushia blanketi na juu yake gunia la plastiki. Watu walikuwa wengi, hema limejaa, matope mpaka kwenye vifundo. Mbele, kando ya jeneza, kulikuwa na picha ya Gogo peke yake. Kirui hakupata mtu wa kuifuta kwa mashine, kwa hiyo alitumia mkasi na studio nyingine ikaikuza. Begani kwa Gogo vilikuwa vimebaki vidole vinne vya mtu ambaye hayupo. Niliviona kutoka mbali.

Chelangat hakuwa kwenye viti vya familia. Arap Too alinionyesha: alikuwa ameketi nyuma pamoja na wachumaji wa chai, wanawe wawili wamembana huku na huku, mikono yake imewekwa mapajani kama mgeni. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikafungua blanketi.

Aliitazama muda mrefu. Hakulia. Alifuta viganja kwenye sketi, kisha akagusa kioo pale palipo na mkono wake.

"Nitaweka wapi, mama?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Pale unafaa kukaa," nilimwambia.

Akasimama. Mjue ni kitu gani mwanamke yule alifanya. Alipita katikati ya hema lile lote, mbele ya mchungaji, mbele ya Kirui aliyeshika kipaza sauti, akaisimamisha fremu juu ya meza, mbele ya ile iliyokatwa. Kisha akabaki amesimama kando yake.

"Nani ameleta hiyo?" Kirui aliuliza. "Ondoa. Hii ni mazishi ya Kikristo."

Lakini akina mama wazee walikuwa wameshaanza kusogea. Mjukuu akisogea mezani utamfukuza, lakini nani atawafukuza wazee? Mmoja alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akapiga kelele.

"Uui! Ni mimi huyu! Nilikuwa na shingo!"

Wakacheka. Wakaanza kutafutana: huyu ni fulani, huyu alishatangulia, huyu ndiye aliyeimba mpaka sauti ikakauka. Kisha yule wa miwani akaweka kidole pembeni.

"Na huyu wa suruali ya kufagia barabara ni nani?"

Wakabanana kutazama. Halafu sauti nyingine, "Si ni Kirui? Angalia masikio!"

Hema lote likapasuka. Hata mchungaji alicheka, kisha akajikumbuka akafungua Biblia. Yule mama hakuwa amemaliza. Alimgeukia Kirui bila hasira yoyote, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo.

"Kirui, si wewe ulibeba mursik siku tulileta huyu bibi arusi? Ulikunywa nusu njiani, Gogo akakuchapa."

Kirui alishusha kipaza sauti. Wanawake wawili wakamshika Chelangat mikono, wakamketisha kwenye kiti cha kwanza, wavulana kando yake. Mchungaji aliangalia karatasi yake ya ratiba, akaangalia picha, akaikunja ile karatasi. Alimtaja Chelangat kwa jina, mwenye nyumba ya marehemu. Wakati wa udongo, wavulana wale walitupa wa kwanza. Mimi nilisimama mbali na matope yangu, nikilia wazi wazi, bila aibu.

Baada ya chakula watu walipoanza kutawanyika, niliona mwavuli ukija. Kirui alisimama karibu nami, akatazama huku na huku. Ndani ya nyumba tulisikia arap Too akipigilia msumari wa kuitundika picha.

"Mama," Kirui alisema. Hakuniita Mama Picha. "Hiyo picha itakaa hapo miaka mingi. Watoto wataniangalia kila siku. Najua bado iko kwa mashine. Si unaweza kunitoa mimi tu? Wengine wabaki."

Nilimhurumia, kwa kweli. Lakini niliutikisa mwavuli wangu maji, nikaufungua.

"Siwezi, Bwana Kirui," nilimwambia. "Ulikuwepo."